Haikukata Hata Mara Moja

Kabla mambo hayajamgeukia, dereva huyu alikuwa akiitwa Masikio, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na mafundi wa gereji ya kampuni, enzi zile alipokuwa bado anaendesha lori la vigae. Mafundi walikuwa wakibishana juu ya mlio fulani, huyu anasema mkanda, yule anasema shafti, naye anakuja na kikombe chake cha chai, anainamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani, kisha anasema, "Gurudumu la nyuma kushoto, beringi ya ndani." Wanafungua. Ni beringi ya ndani. Mwishowe wakaacha kubishana, wakawa wanamwita tu.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeanza kuwa kiziwi. Hapo ndipo unapojiuliza nani anayepanga mambo haya, na kwa nini ana roho mbaya hivyo.

Uziwi ulianza kidogo kidogo. Ndege wa alfajiri walinyamaza, akadhani wamehama. Tiki-tiki ya indiketa ikapotea, akadhani ni fyuzi. Mkewe akapata sauti ya kukwaruza kwa kumwita kutoka jikoni, akawa anakunywa maji ya uvuguvugu kila asubuhi kama mwimbaji wa kwaya. Hospitali wakamwambia neva za masikio zimechakaa, miaka ya lori imezila, na spea zake hazipo. Binti yake, ambaye ni mwalimu na hapendi kushindwa na kitu, akamnunulia kidude kidogo cha kuvaa sikioni pamoja na simu janja ya kukiendesha. Simu inawekwa karibu na watu wanaozungumza, inanasa maneno yao, inayarusha kwa blututhi hadi kwenye kidude, na kidude kinamnong'oneza mzee. Siku ya kwanza alipokivaa alimsikia mkewe akikwangua sufuria uani. Alikaa kwenye ngazi akalia, na mkewe akamuuliza kama sufuria lenyewe ndilo linalomliza.

Kazini hakumwambia mtu. Kanuni za kampuni ziko wazi na zimebandikwa ukutani kwenye chumba cha madereva: asiyesikia hapewi ufunguo, na aliyeficha maradhi anaondoka bila kiinua mgongo. Yeye alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Alichokitaka duniani wakati huo kilikuwa kimoja tu, kuimaliza hiyo miezi minane akiwa na usukani mkononi, aagwe kwa soda na hotuba kama wenzake, kisha aende zake. Kwa hiyo kidude alikivaa sikio la upande wa mlango, kofia akaishusha juu yake, na ile simu janja akailaza kwenye kishimo kilicho kati ya viti, chini kabisa ya redio, akaifunika kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Mbele za watu alikuwa na kitochi chake cha zamani, simu ndogo ya vibonye yenye namba zilizofutika, na watu walimcheka kwa hicho, naye akawaacha wacheke.

Gari la zamani la Mkurugenzi, ambaye Masikio alikuwa akimwendesha tangu alipoacha lori, lilikuwa na redio ya kizamani na halikuleta shida. Shida ilikuja na gari jipya.

Mkurugenzi alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye harufu nzuri na ulimi wa wembe. Kila asubuhi, akiwa kiti cha nyuma, simu yake ilikuwa ikirusha kwenye spika za gari masomo ya mhadhiri mmoja mwenye sauti nzito, yote kuhusu jinsi ya kuongoza watu kwa upendo. Aliyasikiliza huku akiwatumia watu ujumbe wa kuwafukuza kazi. Mimi sisemi neno.

Jumatatu ya wiki ya tatu ya gari jipya, mhadhiri alikuwa akisema, "Kiongozi bora ni yule ambaye kwanza kabisa..." Kimya. Sekunde nne. "...bila hivyo hufai." Kimya tena.

"Dereva."

"Naam, bosi."

"Gari hili lina muda gani?"

"Wiki tatu, bosi."

"Na sauti imeanza kukata lini?"

"Siku ile ile ya kwanza, bosi."

"Nikiliendesha mwenyewe Jumapili halikati. Linaendeshwa na nani siku nyingine?"

"Mimi, bosi."

"Basi. Umejijibu." Akafungua mkoba, akaufunga. "Ijumaa saa nne nina mazungumzo na watu wa mtaji, nitakuwa njiani. Ikikata nikiwa nao, hata mara moja, jua umeshamwaga unga. Na usiniletee habari za waya. Mimi sifungwi kamba na redio kama mbuzi. Tafuta chanzo, na uandike. Kila ikikata, andika."

Kumwambia Masikio aandike ilikuwa kama kumwambia apumue. Kila dereva wa kampuni ana daftari lake la gari, kurasa zimepigwa namba kwa mhuri, na kuchana ukurasa ni kosa la kufukuzwa. Kila ukurasa una safu tatu: tatizo, chanzo, tiba. Yeye hakuwahi kuacha safu wazi wala kuandika uongo, isipokuwa mara moja alipokuwa kijana, alipoandika "sawa" juu ya breki ambayo hakuipima. Utingo wake alivunjika mguu. Tangu siku hiyo daftari kwake lilikuwa kama kiapo, na alikuwa akiliweka pale pale siku zote, kwenye mfuko ulio nyuma ya kiti chake, ambako mkaguzi alilikuta kila mwisho wa mwezi. Mkurugenzi alikaa akilitazama daftari hilo miaka kumi na moja, hatua moja kutoka magotini kwake, na hakuwahi kuligusa hata kwa kidole.

Kwa hiyo akaandika. Jumatatu, saa mbili na dakika tano, karibu na benki, imekata sekunde nne. Saa mbili na dakika tisa, kwenye mzunguko, imekata mara mbili. Aliliendea tatizo kama alivyokuwa akiendea milio ya lori, kwa subira, akiondoa kitu kimoja kimoja. Alimwomba Mkurugenzi atoe simu kwenye mkoba, kwani mkoba ulikuwa na vishikizo vya chuma. Ikakata. Akamwomba aondoe kava. Ikakata. Akazima kile kipengele cha kubana chaji, akaifuta simu ya bosi kwenye redio na kuiunganisha upya, akachomoa chaja ya bei rahisi kwenye tundu la kiberiti. Ikakata, ikakata, ikakata. Kila safari mhadhiri alifika kwenye neno tamu akameza ulimi.

Jumanne Mkurugenzi akachoka na subira ya watu wengine. Walipofika ofisini alimsimamisha uani, mbele ya mapokezi, saa ambayo watu wote wanaingia kazini.

"Nimesoma kwamba ni vyuma vya mwilini," alisema. "Vua saa."

Akavua.

"Funguo. Mkanda. Hicho kitochi chako nacho. Weka humu." Akampa mfuko wa plastiki uliotoka na viatu vyake.

Dada wa mapokezi walikuwa wamejipanga dirishani. Masikio alikuwa mtu aliyekonda mwaka ule, na suruali haikuwa na pa kushikilia. Akabaki ameikamata kwa mkono mmoja, mfuko mkono wa pili, kama mtu aliyefumaniwa. Alikuwa akifikiria kitu kimoja tu, kofia. Mkono wa bosi ukanyanyuka, ukaonyesha kichwani kwake.

"Kofia iache," Mkurugenzi akasema. "Sitaki kuona upara asubuhi."

Dirishani wakaangua kicheko. Masikio naye akatabasamu, maana upara ulikuwa umemwokoa. Bosi akamwamuru aendeshe kuzunguka jengo mara tatu akiwa vile vile, bila mkanda, yeye akiwa nyuma na mhadhiri wake. Ikakata mara saba. "Kumbe hata mwili wako hauna maana," alisema akishuka. Masikio aliziandika zote saba kwenye daftari, na saa zake.

Jumatano mchana, Mkurugenzi akiwa kikaoni, alilipeleka gari kwa Dada Redio. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, fundi wa redio za magari, mwenye duka ndani ya kontena lililokatwa dirisha, na ndani yake nyaya zinaning'inia kila mahali mpaka mteja anaingia akiinama. Alikuwa na maneno mengi na mkono mwepesi.

"Baba, karibu. Nani mgonjwa, gari au wewe?"

"Gari, mwanangu."

"Wote huwa wanasema hivyo."

Alisoma daftari lote amesimama, akiramba kidole kugeuza kurasa. Akacheka pale penye mkanda na suruali, kisha akaacha kucheka. Akaingia kiti cha nyuma, akaunganisha simu yake mwenyewe na redio, akaweka muziki. "Endesha mpaka kona ile urudi." Ikakata mara mbili. "Shuka." Akaendesha yeye, akaenda, akarudi. Haikukata. "Panda." Ikakata.

"Baba, nikuulize bila kukuvunjia heshima. Umebeba nini humu ambacho hujaandika?"

"Hakuna kitu."

Dada Redio alimtazama, kisha akaanza kupekua kama mtu wa forodha. Milangoni, chini ya viti, kwenye kisanduku cha mbele. Mwisho akanyanyua kitambaa cha kufutia vumbi. Simu janja ilikuwa imelala pale, taa yake ya kijani ikipepesa, sentimita chache chini ya redio.

"Na huyu mgeni?"

Masikio alitazama huku na huku, kisha akanyanyua kofia kidogo tu upande wa mlango.

Dada Redio alikitazama kidude, akaitazama simu. Kisha akaanza kazi, bila mzaha sasa. Akamweleza kwamba simu yake inarusha sauti wakati wote bila kupumzika, tena mdomoni mwa redio, na simu ya bosi nayo inarusha kwenye redio hiyo hiyo. Zinakanyagana, na redio inapoteza ya bosi. Yeye akishuka na kidude chake akabaki mbali, simu inaacha kurusha, ndiyo maana redio ilitulia. Akaihamishia simu kwenye buti: redio ikatulia, lakini Masikio akawa hasikii chochote ila tairi la akiba likigongagonga. Akaiweka mfukoni mwa mlango: akasikia upepo. Akaiweka mfuko wa shati: akasikia shati, na redio bado ikakata. Walihangaika saa nzima. Alimaliza jasho limemlowesha mgongo, akajifuta mikono kwa kitambaa kile kile.

"Hapa ni kuchagua, baba. Asikie yeye au usikie wewe. Kwa pamoja haiwezekani na vifaa hivi."

"Hakuna namna nyingine?"

"Kuna waya. Waya mmoja tu kwenye simu yake, na wote mnasikia."

"Hataki waya."

"Basi mwambie ukweli. Naye si binadamu?"

Masikio alikumbuka ule mfuko wa plastiki. "Umeshamwona?" aliuliza. Dada Redio akasema hajamwona. "Basi."

Nyumbani jioni ile alimsimulia mkewe, kidude kikiwa sikioni na simu imeegemezwa kwenye bakuli la sukari. Mkewe alisikiliza akiwa amesimama, akikunja nguo.

"Ijumaa utaendesha bila kusikia?"

"Macho ninayo."

"Akikwambia kitu je?"

"Mwaka wa kumi na moja huu namwendesha. Ana maneno manane. Twende, simama, kushoto, kulia, punguza, ongeza, subiri, na lile la mjinga. Yote nayajua kwa midomo."

"Mume wangu, mwambie. Ni siku moja ya aibu, inapita."

"Nikimwambia, Jumamosi nimekaa hapa nakutazama ukikunja nguo, na miaka yote ile imekwenda bure."

Mkewe akaitupa nguo kitandani bila kuikunja. "Kwani kunitazama mimi ni adhabu?" Akacheka kidogo, kwa uchungu, akaenda jikoni. Alimwita akiwa huko, mara mbili, na Masikio akamsikia mara zote mbili lakini hakuitika.

Alhamisi aliifanya siku ya mazoezi. Alikigeuza kioo cha kati mpaka kikawa kinamwonyesha midomo ya bosi badala ya barabara ya nyuma. Ya nyuma akayaachia vioo vya pembeni. Kidude akakivua, akakiviringisha kwenye leso, akakitia soksini. Simu janja akaizima. Akagundua na jambo jingine, akajisifu kwa kuligundua: spika ya mlangoni kwake ilikuwa usawa wa goti, na goti likigusa pale linapata mtetemo. Mhadhiri akisema, goti linatekenywa. Akinyamaza, goti linapoa. Na kwenye kioo cha redio, mtu akipiga simu, kuna saa inayohesabu dakika. Ikisimama ujue imekata. Kwa goti na kwa macho, Masikio aliweza tena kujua hali ya chombo. Alhamisi nzima, kwenda na kurudi, goti halikupoa hata mara moja. Mkurugenzi hakusema ahsante. Alisema "Subiri" mara moja na "Mjinga" mara mbili, yote akayapata kiooni.

Jioni, akiwa peke yake uani, alitoa daftari kwenye mfuko wake kulifungia ukurasa. Tatizo: sauti kukatakata. Mkono ulisimama kwenye safu ya pili. Alifikiria kuandika "chaja". Ni nani angejua? Lakini alimkumbuka utingo na mguu wake, na mkono uliozoea miaka yote ile kuandika kilicho kweli uliandika wenyewe, kwa herufi zake nzuri za kuegama: "Kidude cha sikio cha dereva na simu yake. Dereva hasikii vizuri bila hicho." Safu ya tatu: "Dereva amevua. Imepona." Alipoisoma, akashika ukurasa kwa vidole viwili. Namba ya mhuri ilikuwa pembeni, mia moja na kumi na nne, na kuuchana ni kufukuzwa vile vile. Mkaguzi angekuja mwisho wa mwezi, siku kumi na moja mbele. Kabla ya hapo angekwenda kumwona, walianza kazi pamoja, wangezungumza kiume. Na Mkurugenzi halisomi. Akalirudisha daftari mahali pake, nyuma ya kiti chake, kama alivyofanya maisha yake yote.

Ijumaa saa nne kasoro dakika tano, Mkurugenzi alipanda akiwa amevaa suti ya rangi ya maziwa. "Twende." Kioo kikasema twende, Masikio akaondoka. Saa nne kamili saa ya redio ikaanza kuhesabu. Aliendesha siku ile kama mtu aliyebeba bakuli la mafuta ya moto mapajani. Aliona kila shimo, kila pikipiki, kila mtoto ukingoni, goti lake likiwa mlangoni na mtetemo ukipita, sauti ya mtu wa mtaji, sauti ya bosi, sauti ya mtu wa mtaji. Dakika kumi. Ishirini. Thelathini na tatu, bosi akatabasamu, akasema maneno marefu ya kuaga, saa ikasimama kwa heshima zake. Haikukata. Masikio alitaka kupiga honi kwa furaha, ingawa asingeisikia.

Wakaingia kwenye foleni. Magari hayaendi wala hayarudi. Saa ya redio ikaanza kuhesabu tena, na juu yake pakaandikwa: Afisa Utumishi.

Yaliyosemwa kwenye simu ile tunayajua sote, kwa sababu huyo afisa naye hana kifua. Aliyasimulia mapokezi kabla hata ya chakula cha mchana, na akawa anaigiza sauti zote mbili.

Alimpigia kumpongeza kwa mambo ya mtaji. Kisha akasema, "Sauti yako leo imetulia, bosi. Gari langu linakata vile vile kama lako lilivyokuwa. Dereva wako alitibu vipi?"

"Sijui. Kaandika mahali." Naye Mkurugenzi, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, akanyoosha mkono kwenye mfuko wa mbele yake, akatoa daftari.

Masikio alimwona kiooni analifungua. Akatazama barabara, akatazama kioo. Alimwona akisoma, kidole kikishuka taratibu, kikasimama. Alimwona akinyanyua macho na kuitazama shingo yake. Uso wa bosi haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa umechangamka. Masikio akajiambia, pengine anasoma zile za Jumatatu, anaona jinsi nilivyojituma. Mtu akitaka kuamini kitu, hakosi pa kushika.

"Dereva," Mkurugenzi alisema, akiwa ameuficha mdomo kwa daftari.

Shingo haikugeuka.

"Dereva, nyumba yako inaungua."

Gari la mbele likasogea hatua mbili. Masikio akasogea hatua mbili.

"Unaongea na nani?" afisa akauliza.

"Na kiziwi. Ninaendeshwa na kiziwi, na mwenyewe ameniandikia hapa kwa mkono wake. Sikiliza hii." Akamsomea safu zote tatu, hadi "Imepona". Afisa akacheka mpaka akakohoa, na kicheko chake kikatoka kwenye spika zote za gari, pamoja na ile iliyogusa goti la Masikio. Masikio aliusikia mtetemo huo gotini, mkubwa kuliko wa asubuhi yote, na akafurahi moyoni: sauti ilikuwa na nguvu kweli kweli. Kiooni bosi alikuwa akicheka pia. Hakuwahi kumwona akicheka ndani ya gari. Na kwa kuwa alidhani wanacheka kwa furaha ya mtaji, na kwamba furaha hiyo yeye ana mkono wake ndani, Masikio naye akacheka, kidogo, kwa adabu, macho yakiwa barabarani.

"Anacheka!" Mkurugenzi akasema. "Mungu wangu, naye anacheka!"

Baada ya hapo walizungumza ya kazi. Andaa barua. Kuficha maradhi, kifungu kile. Kiinua mgongo, hapana. Mwite yule dereva wa akiba asimame getini. Afisa aliuliza kwa sauti ya chini kama si vizuri kusubiri mwisho wa mwezi, maana mzee ana umri wake, na Mkurugenzi akajibu kwamba kuongoza watu ni kuamua. Dakika kumi na nane kwa jumla. Masikio alizihesabu.

Getini walikuwa wamesimama watatu: mlinzi, dereva wa akiba, na afisa utumishi mwenye bahasha ndefu ya kaki. Masikio aliegesha sawasawa kabisa na mstari, akashuka haraka, akamfungulia bosi mlango. Alikuwa amenyooka, kofia imekaa vizuri, na akavunja mwiko wake wa kutomwanza bosi maneno.

"Bosi," alisema, kwa sauti kubwa kidogo, kama wasemavyo watu wasioisikia sauti yao wenyewe. "Dakika hamsini na moja, simu zote mbili kwa jumla. Haikukata hata mara moja."

Mkurugenzi akasema kitu huku ameshageuza uso kuelekea mlangoni.

"Ndiyo, bosi," Masikio akajibu.

Afisa akamsogelea akimnyooshea bahasha, akitazama chini, midomo yake ikitembea haraka haraka. Dada wa mapokezi walikuwa dirishani, wote, hakuna aliyekuwa mezani kwake. Masikio aliipokea bahasha kwa mikono miwili. Kila Ijumaa alikuwa akipewa bahasha za kusambaza, benki, bandarini, kwa mawakili. Akaifuta vumbi kwa kiwiko, akarudi kwenye usukani, akaiweka juu ya dashibodi pasipopigwa jua, akawasha gari. Kisha akateremsha kioo, akatoa kichwa nje, na kwa ile sauti kubwa iliyosikika mpaka ghorofa ya pili akamuuliza afisa:

"Hii niipeleke wapi?"